Sikio linatoa usaha au majimaji? Fuata hivi hatua kwa hatua

Sikio likianza kutoa majimaji watu wengi wanafanya moja kati ya mambo mawili, ama wanaziba na pamba maisha yanaendelea, ama wanakimbilia duka la dawa wananunua dawa yoyote ya matone iliyopo na kuanza kudondoshea. Yote mawili yanachelewesha, na sikio ukilichelewesha linapoteza usikivu pole pole bila mtu kushtuka, mpaka siku unagundua mtoto anaongeza sauti ya tivii kila saa au ukimwita akiwa amekupa mgongo haitiki. Na ile kauli ya "ataacha akikua" naomba kabisa tuiweke pembeni. Hakuna umri ambao sikio linatakiwa kutoa usaha.

Naandika hatua ambazo naona kila mwenye mgonjwa wa sikio nyumbani anatakiwa azijue. Nitakaa sana kwenye kukausha sikio na kudondosha dawa, maana hapo ndo watu wengi wanapokwama, dawa inaonekana haifanyi kazi kumbe haijawahi kufika inapotakiwa.

Kwanza elewa kidogo sikio lenyewe

Lile tundu unaloliona kwa nje linaingia ndani kama sentimita 2.5 hivi kwa mtu mzima, alafu linaishia kwenye ngozi nyembamba sana inayoitwa ngoma ya sikio. Nyuma ya hiyo ngoma kuna chumba kidogo chenye hewa na vifupa vitatu vidogo vinavyopitisha sauti, na chumba hicho kina mrija wake unaoshuka mpaka nyuma ya pua. Kwa mtoto mdogo mrija huo ni mfupi na umelala zaidi kuliko wa mtu mzima, kwa hiyo akishikwa na mafua wadudu wanapanda kirahisi mpaka kwenye sikio, ndo maana watoto wanaongoza kwa haya matatizo.

Kwa hiyo majimaji yanatoka sehemu mbili kuu: ama kwenye ngozi ya tundu la nje, ama kwenye chumba cha ndani kupitia ngoma iliyotoboka. Matibabu yake hayafanani, na kwa kuangalia kwa macho tu nyumbani huwezi kuwa na uhakika asilimia mia, lakini unaweza kupata picha nzuri ya kumweleza daktari.

Hatua ya 1: Angalia vizuri kinachotoka

Kaa sehemu yenye mwanga, vuta sikio kidogo, tazama. Usiingize kitu chochote.

Kama ni kitu cha njano au kahawia, kinanata, hakina harufu mbaya wala maumivu, hiyo ni nta ya sikio. Siyo ugonjwa. Sikio linaitengeneza lenyewe kujilinda na linaisukuma nje lenyewe, wewe futa iliyofika nje basi.

Kama mgonjwa alikuwa na mafua, akaanza kulalamika sikio linauma sana, pengine na homa na kukosa usingizi, alafu ghafla usaha ukatoka na maumivu yakapungua, hapo chumba cha ndani kilijaa usaha, presha ikazidi, ngoma ikatoboka. Wazazi wengi wakiona mtoto ametulia wanadhani amepona. Maumivu yamepungua kwa sababu presha imetoka, maambukizi bado yapo. Habari njema ni kwamba tundu la namna hii likitibiwa mapema mara nyingi linajiziba lenyewe ndani ya wiki chache.

Kama usaha unakuja na kuondoka, wiki zinapita, miezi inapita, maumivu hakuna au ni kidogo tu, kila akiogelea au akipata mafua unarudi, hilo ni sikio sugu. Ngoma ina tundu ambalo halikuziba. Hili ndilo linalonisumbua roho kuliko yote kwa sababu halina maumivu, na lisilouma watu wanalizoea.

Majimaji membamba, sikio linawasha, alafu ukivuta sikio au ukibonyeza kile kinyama kidogo kilicho mbele ya tundu mgonjwa anaruka kwa maumivu, hapo tatizo mara nyingi liko kwenye ngozi ya tundu la nje. Linawapata sana wanaoogelea na wanaojichokonoa kwa vijiti vya pamba, pini, funguo, kifuniko cha kalamu. Ukiona kuwasha kumezidi na ndani kuna vitu vyeupe mithili ya ukungu au vidoadoa vyeusi, fikiria fangasi, hasa kwa mtu aliyetumia dawa za matone za antibayotiki muda mrefu.

Mtoto anatoa usaha wenye harufu sikio moja tu na hana mafua wala homa? Inawezekana ameingiza kitu, shanga, punje, kipande cha sponji. Usijaribu kukitoa kwa kibano, vingi vinasukumwa ndani zaidi, na usimwagie maji maana punje inavimba.

Harufu kali sana isiyoisha hata akitumia dawa, usaha kidogo kidogo lakini wa kudumu, inaweza kuwa kolesteatoma. Hii ni ngozi inayoota na kujikusanya ndani ya sikio na kula mifupa ya jirani. Haiponi kwa matone, inahitaji upasuaji, na ndo maana harufu isiyoisha haifai kuvumiliwa.

Hatua ya 2: Pitia dalili za hatari kabla hujafanya kingine chochote

Ukiona hata moja kati ya hizi achana na huu mwongozo, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri asubuhi kama ni usiku.

Uvimbe nyuma ya sikio, pale kwenye mfupa, unauma ukiugusa, au sikio limesukumwa mbele. Maana yake maambukizi yameingia kwenye mfupa.

Mdomo umeenda upande mmoja au jicho halifungi vizuri. Kizunguzungu kikali kinachofanya vitu vionekane vinazunguka, na kutapika. Kutosikia kulikoanza ghafla.

Shingo kukakamaa, kichwa kuuma sana na homa, kusinzia kusiko kwa kawaida, kuchanganyikiwa, degedege. Usaha wa sikio unaweza kufika kwenye ubongo na kusababisha homa ya uti wa mgongo au jipu la ubongo, sisemi kutisha watu, inatokea kweli.

Mtu ameanguka au amepigwa kichwani alafu maji safi au yenye damu yanatoka sikioni, hayo yanaweza kuwa maji ya ubongo. Usizibe sikio kwa kusukuma pamba ndani, usidondoshe kitu, weka tu kitambaa safi kwa nje na muwahi hospitali.

Mtoto ameingiza betri ile ndogo ya duara ya saa au ya toi. Betri inaunguza nyama ndani ya saa chache tu, na matone ya aina yoyote yanaongeza uharibifu, kwa hiyo mkimbize bila kudondosha kitu.

Mtu mwenye kisukari, hasa mzee, mwenye maumivu makali ya sikio yanayomkosesha usingizi usiku pamoja na majimaji. Maambukizi yake yanaweza kuingia kwenye mfupa wa fuvu, na yanahitaji matibabu ya hospitali ya muda mrefu. Vivyo hivyo mwenye kinga ndogo ya mwili asikae nyumbani kusubiri.

Na mtoto mchanga wa chini ya miezi miwili anayetoa usaha sikioni, huyo ni hospitali moja kwa moja.

Hatua ya 3: Hesabu siku

Hili ni swali la kwanza utakaloulizwa ukifika kwa mhudumu wa afya: umeanza lini? Kwenye miongozo ya kutibu watoto mpaka uliowekwa ni siku 14. Usaha ulioanza chini ya siku 14 unahesabiwa ni maambukizi mapya, hapo mtoto anapewa antibayotiki ya kunywa, mara nyingi amoksilini, kwa kipimo cha uzito wake, na parasetamol kwa ajili ya maumivu na homa. Usaha uliofika siku 14 na kuendelea ni sugu, na hapo dawa kuu inakuwa matone ya sikio pamoja na kukausha, kwa wiki 2.

Naomba urudie kusoma hiyo sentensi ya mwisho kama una mtoto ambaye kila usaha ukirudi anaanzishiwa chupa mpya ya dawa ya kunywa. Kwa sikio sugu dawa ya kunywa peke yake inasaidia kidogo sana, dawa ya kudondosha inafika sehemu yenyewe kwa nguvu kubwa zaidi. Unaruhusiwa kumuuliza mhudumu kwa heshima tu, "hili limefika wiki kadhaa, je hahitaji matone?"

Andika tarehe mahali, hata kwenye simu.

Hatua ya 4: Kausha sikio kwa utambi

Hii ndo roho ya matibabu yote na ndo hatua inayorukwa. Ukidondosha dawa kwenye sikio lililojaa usaha ni sawa na kupaka dawa ya kidonda juu ya bandeji, inabaki juu, chini wadudu wanaendelea. Kukausha hakuhitaji kifaa chochote cha gharama.

Nawa mikono na sabuni. Chukua kitambaa safi laini cha pamba kinachonyonya maji, au tishu laini ambayo ni imara haimeguki ikilowa. Kisokote kiwe utambi wenye ncha. Usitumie kijiti cha pamba, usitumie njiti ya kiberiti iliyozungushiwa pamba, na usitumie tishu nyepesi ya chooni inayoachia vipande maana kipande kikibaki ndani nacho kinakuwa tatizo jipya.

Mkalishe mtoto mapajani, mtu mwingine amshike kichwa taratibu kama ni msumbufu. Vuta sikio ili tundu linyooke: mtoto wa chini ya miaka 3 unavuta kuelekea chini na nyuma, mkubwa zaidi na mtu mzima unavuta kuelekea juu na nyuma. Ingiza utambi taratibu mpaka uone umeanza kulowa, usilazimishe, uache kidogo unyonye, alafu utoe. Tupa huo, sokota mwingine. Rudia tena na tena mpaka utambi utoke mkavu. Siku za mwanzo zinaweza kuwa tambi nyingi na utakata tamaa, vumilia, baada ya siku kadhaa zinapungua na hiyo yenyewe ni dalili kwamba unafanikiwa.

Fanya hivi angalau mara 3 kwa siku. Kama usaha uko ndani sana na ni mzito kiasi kwamba utambi hausaidii, daktari wa masikio ana mashine ndogo ya kunyonya, omba usafishiwe huko. Ukimaliza usiache utambi au pamba ndani, sikio liachwe wazi lipumue.

Hatua ya 5: Dondosha dawa ifike

Hapa sasa dawa uliyoandikiwa inaingia kwenye sikio ambalo tayari ni kavu.

Shika chupa mkononi dakika kadhaa ipate joto la mwili, tone la baridi linaleta kizunguzungu na mtoto akikumbuka hilo kesho atakukimbia. Mlaze ubavu, sikio bovu liangalie juu. Vuta sikio vile vile kama kwenye kukausha. Dondosha idadi ya matone uliyoandikiwa bila ncha ya chupa kugusa sikio. Alafu bonyeza na kuachia kile kinyama cha mbele ya tundu mara kadhaa, unakuwa unasukuma dawa ipite kwenye tundu la ngoma mpaka chumba cha ndani. Abaki amelala hivyo hivyo dakika 3 mpaka 5. Akisema anaisikia dawa kooni usishtuke, imepita kwenye ule mrija niliouelezea, maana yake imefika.

Maliza siku zote ulizoandikiwa hata kama sikio limekauka siku ya nne.

Kuhusu aina ya dawa. Kama ngoma imetoboka au hujui kama imetoboka, matone ya jamii ya siprofloksasini au ofloksasini ndo salama zaidi kwa sikio la ndani. Matone yenye jentamaisini au neomaisini yanaweza kudhuru usikivu yakipita kwenye tundu la ngoma, kwa hiyo usijinunulie tu kwa sababu jirani yalimsaidia, na mpe taarifa anayekuandikia kwamba sikio linatoa usaha. Tatizo la tundu la nje nalo linatibiwa kwa matone, na kama tundu limevimba mpaka limeziba daktari anaweka utambi wake maalumu unaopitisha dawa. Fangasi inahitaji kusafishwa kwanza alafu dawa ya fangasi kama klotrimazo, hapo antibayotiki zitazidi kuipa nafasi tu.

Vitu ambavyo haviingii kwenye sikio linalotoa usaha

Mafuta ya moto, mafuta ya taa, juisi ya kitunguu au kitunguu swaumu, maji ya majani, mkojo, maziwa ya mama, pombe, unga wa vidonge vilivyosagwa. Najua mengi ya haya tumeyapokea kwa watu wanaotupenda na nia yao ilikuwa nzuri. Lakini sikio lenye ngoma iliyotoboka liko wazi mpaka ndani, kila unachomwaga kinafika kwenye vile vifupa vitatu, na maziwa au mafuta yanawapa wadudu chakula. Mafuta safi ya kula ya uvuguvugu yana kazi moja halali, kumtuliza mdudu hai aliyeingia sikioni kabla ya kwenda kutolewa, na hapo pia ni kama una uhakika sikio halikuwa na tundu wala usaha.

Hatua ya 6: Zuia maji

Kipindi chote cha matibabu, na kama ngoma ina tundu basi mpaka lizibe, maji yasiingie. Wakati wa kuoga chukua pamba, ipake mafuta mazito ya mgando kama vaselini, ziba mlango wa tundu, ukimaliza kuoga toa pamba hiyo utupe. Kuogelea kusubiri, hata kama sikio limekauka na mtoto analia kutaka kwenda na wenzake, muulize daktari kwanza.

Hatua ya 7: Rudi ukaangaliwe

Watu wengi usaha ukikatika wanaona safari imeisha. Kwa maambukizi mapya rudi baada ya siku 5, kwa sikio sugu rudi wiki 2 zikiisha. Mhudumu aangalie ndani na kile kitaa cha kuangalizia sikio, aone ngoma imeziba au bado.

Kama umekausha kweli na umedondosha kweli kwa wiki 2 na usaha bado upo, omba rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Usirudie dawa ile ile mara ya tatu na ya nne. Hapo kuna maswali mengine ya kuulizwa: usaha upimwe maabara kujua ni mdudu gani, kama kuna fangasi, kama kuna kolesteatoma, na wakati mwingine hata kifua kikuu, kwa sababu kifua kikuu kinaweza kukaa sikioni, na kupima VVU na sukari pia kunasaidia kuelewa kwa nini halikauki. Tundu lililokataa kuziba linaweza kuzibwa kwa upasuaji, daktari anachukua kipande kidogo cha utando wa mgonjwa mwenyewe anaweka kiraka kwenye ngoma. Kwa kawaida wanapenda sikio liwe limekaa kavu kwa muda kabla, kwa hiyo ule ukaushaji wa nyumbani ndo unaokufikisha hata huko.

Kupunguza lisirudi

Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi 6 ya kwanza kama inawezekana, na anayetumia chupa asinyweshwe akiwa amelala chali. Apate chanjo zake zote, ile ya nimonia inapunguza pia baadhi ya maambukizi ya sikio. Moshi wa sigara na wa jikoni akae nao mbali. Mafundisho ya kupenga kamasi taratibu, tundu moja moja, yanasaidia kuliko yanavyoonekana. Na vijiti vya pamba viache kabisa, kwa mtoto na kwako.

Kupima usikivu

Sikio likishakauka mpeleke akapimwe usikivu, hasa kama usaha ulidumu miezi. Mtoto anayechelewa kuongea, anayejibu vitu ambavyo hajaulizwa, anayeitwa mtundu au mzito darasani, wakati mwingine tatizo lake lilikuwa hasikii vizuri na hakuna aliyejua. Wakati mnasubiri kipimo ongea na mwalimu wake amkalishe mbele, upande ambao sikio lake zima linamwelekea mwalimu, na nyumbani mwite ukiwa mbele yake anakuona mdomo.